Povu jeupe linaloning'inia juu ya lambo: ni la nani, na lina madhara?

"Mtaalamu habari za kazi. Mimi niko kijijini huku wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi. Chini ya shamba letu la mikorosho kuna lambo, mvua zikianza linajaa na kiangazi linakauka. Maji yake tunafulia, mbuzi wanakunywa, na shida ikizidi tunapikia. Sasa tangu mvua zishike mwezi wa kumi na mbili, kwenye matawi yaliyoinamia maji kumejaa madonge ya povu jeupe, mengine makubwa kama kichwa cha mtoto, mengine yamekauka juu yamekuwa na gamba. Kijana wangu wa miaka 8 na wenzake walilichokoa moja kwa fimbo likawamwagikia mikononi, wakacheka wakaenda kuoga humo humo lamboni. Usiku mtoto kawashwa miguu na mikono, vipele vidogo vidogo, hakulala. Mama mkwe anasema lile ni povu la nyoka, shemeji anasema ni salfa ya korosho imechanganyika na mvua. Halafu kuna chura mmoja tunamuogopa, tangu mwezi wa nane alikuwa anakaa ukutani jikoni mchana kutwa hatikisiki, mweupe kama chaki, sasa hivi namuona amekuwa wa kahawia. Nimesikia hata ng'ambo ya Ruvuma wapo. Je huyu chura ni wa aina gani, ana sumu? Hayo mapovu yanahusiana naye? Shemeji anataka akate matawi yote na kumwaga oili chafu lamboni, tumuache?"

Dada yangu, pole kwa kukesha na mtoto. Nikuambie mapema ili usisome ukiwa na presha: povu na chura ni habari moja, mwenye povu ndiye huyo huyo mkazi wa jikoni kwako au ndugu zake, na wote hawana neno na nyie. Muwasho wa mtoto ni habari nyingine kabisa, na hiyo ndiyo iliyonifanya nikujibu kwa urefu hivi. Oili chafu msimwage, tafadhali, kama shemeji ameshaandaa ndoo mwambie asubiri amalize kunisikiliza.

Tuanze na chura. Kitaalamu anaitwa Chiromantis xerampelina, mimi hapa nitamuita chura wa povu ili tusichoshane. Alielezwa kisayansi mwaka 1854 na Mjerumani mmoja, Wilhelm Peters, aliyekaa Msumbiji miaka ya 1840 akikusanya wanyama, kwa hiyo siyo kiumbe kipya kilicholetwa na mtu wala kilichoibuka juzi. Ni chura mkubwa kiasi kwa vyura wa mitini, dume anakuwa sentimita 5 mpaka 7 hivi kutoka puani mpaka makalioni, jike anazidi, anafika 8 mpaka karibu 9. Ngozi yake imekauka kauka ina vichunusi, wala haitelezi kama ya wale vyura wa majini uliowazoea. Rangi ya kawaida ni kijivu au kahawia yenye mabaka mabaka meusi, akijibana kwenye gome la mkorosho unaweza kupitisha mkono pembeni yake usimuone. Macho makubwa, na mboni imelala, yaani ule mstari mweusi wa jicho umekwenda upande kwa upande.

Ila kama unataka uhakika usiangalie rangi, maana rangi itakudanganya, angalia mikono. Vidole vya mkono vipo vinne, na vimegawanyika viwili viwili, viwili vya ndani vinatazamana na viwili vya nje, kwa hiyo akishika kijiti anakikamata kisawasawa kama mtu anavyoshika mpini wa jembe. Kwenye ncha za vidole kuna vibonge bapa vya kunasia, ndiyo maana anapanda ukuta wako wa jikoni bila shida. Miguu ya nyuma ina utando mkubwa katikati ya vidole. Piga picha ya mkono wake kwa karibu, hata kwa simu ndogo, hiyo picha moja inamaliza ubishi wote.

Sasa ule weupe. Huo siyo ugonjwa, siyo zeruzeru, siyo mzimu wa mtu. Ni kinga ya jua. Vyura wengi kiangazi kikiingia wanajificha, wengine wanajifukia kwenye tope, wengine wanatafuta mahali penye unyevu chini ya gogo, lakini huyu bwana anafanya kinyume chake, anakaa hadharani kwenye tawi au ukuta, anakunja miguu chini ya tumbo, mikono chini ya kidevu, anajibana ili sehemu ndogo tu ya mwili iguswe na hewa, halafu ngozi inageuka nyeupe ili irudishe mwanga badala ya kuunyonya. Anaweza kukaa hivyo siku nyingi sana. Ngozi yake haipotezi maji ovyo kama ya chura wa kawaida, inakaribia ya mjusi kwa kubana maji. Halafu kuna jambo la figo ambalo mimi kila nikilieleza nalifurahia upya: chura wa kawaida uchafu wa mwili anautoa kwa mkojo wa yurea unaotaka maji mengi, huyu anautoa kama asidi ya yuriki, ule uji uji mweupe unaouona kwenye kinyesi cha kuku na mjusi, unaotaka maji kidogo sana. Hilo lilijulikana kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 1970 na watu wa fani walishangaa, maana walidhani hiyo ni kazi ya ndege na watambaazi tu. Na joto likizidi kabisa mpaka linakaribia kumuua, hapo ndipo anafungulia tezi za ngozi zitoe maji apoe, yale maji aliyoyatunza kibofuni. Kwa hiyo huyo wa jikoni kwako mwezi wa nane alikuwa kazini, anavumilia kiangazi cha Lindi. Mvua zimekuja, mawingu yapo, hana haja ya weupe, kawa kahawia. Na kwa nini jikoni? Kuna kivuli, kuna ukuta mzuri, na usiku taa au moto unavuta wadudu, anakula.

Kuhusu sumu: huyu kumgusa hakukudhuru. Kama vyura wote ngozi yake ina ute wa kujilinda, ukimshika kisha ukajisugua jicho litakuchonyota, kwa hiyo mnawe mikono, basi. Ile ya kwamba chura anakuotesha masundosundo siyo kweli, masundosundo yanatokana na kirusi kinachotoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Yupo chura huku kwetu wa kuwaambia watoto wasimchezee kabisa, yule mweusi anayeng'aa mwenye mistari miwili ya rangi nyekundu au machungwa ubavuni, anayetembea zaidi kuliko kuruka, Phrynomantis bifasciatus. Ute wake unawasha ngozi hasa yenye mchubuko, na ukimuweka kwenye ndoo moja na vyura wengine wenzake wanakufa. Lakini huyo hana povu, mayai yake anayaacha majini.

Kabla sijaenda kwenye povu, niwataje wanaofanana naye, maana kuna siku utamuona chura mtini useme ndiye kumbe siye. Wapo vyura wa mitini wa jamii ya Leptopelis, nao ni kahawia na macho makubwa, ila mboni yao imesimama kama ya paka na mayai wanafukia ardhini karibu na maji. Wapo wale wadogo wa kwenye matete, Hyperolius, wa sentimita 3 hivi, wengine kijani, wengine wana madoa, mayai yao utayakuta juu ya jani yamegandana kwenye ute unaoona mpaka ndani. Povu jeupe zito lililoning'inia juu ya maji, hapa kusini ukiliona, ni la huyu wetu.

Na linavyotengenezwa, dada yangu, hiyo kazi ukiishuhudia hutamruhusu mtu akate tawi. Chukua tochi usiku baada ya mvua kubwa ukae kimya pembeni ya lambo, madume hawana kelele, wanatoa vimlio vidogo vya kukwaruza ambavyo vyura wengine wanavifunika kabisa, kwa hiyo tumia macho. Jike anashuka majini kwanza, anatulia humo anajaza kibofu, na hapo chura hanywi kwa mdomo, ngozi ya tumbo ndiyo inanyonya. Akishajaa anapanda mti na dume mgongoni, anachagua tawi lililoning'inia sawasawa na maji, anashika tawi kwa mikono, na hapo anaanza kutoa ute mzito kutoka kwenye mirija ya uzazi na kuupiga kwa miguu ya nyuma, kulia kushoto, ndani nje, mpaka unaumuka unakuwa povu. Kwa tochi unaona kabisa miguu inazama kwenye povu na kutoka, na nyuzi za ute zinavutika kwenye vidole. Madume wengine wanakuja wanajibana pembeni, wakati mwingine wanakuwa watatu, wanne, hata zaidi, nao wanapigapiga miguu, mayai yanatoka humo humo ndani ya povu na kila dume anamwaga mbegu zake pale pale. Kwa hiyo donge moja linaweza kuwa na baba wengi, na watafiti walipofuatilia hilo huko Afrika Kusini wakakuta viluwiluwi wenye baba wengi wanapona zaidi kuliko wenye baba mmoja. Katikati ya kazi maji yakimuishia jike anashuka tena kujaza, anarudi kuendelea. Na kuna majike wanaorudi hata usiku wa pili kuongeza povu juu ya lile la jana.

Ndani ya donge kuna mayai mia kadhaa, madonge makubwa yanapita elfu moja. Juu povu linakauka na jua na kuwa lile gamba uliloliona, ndani linabaki bichi, limejaa vipovu vya hewa ambavyo mayai yanapata humo oksijeni. Mayai yanaanguliwa baada ya siku chache, viluwiluwi wanakaa humo humo wakikua kidogo, na kuanzia kama siku ya nne mpaka ya sita sehemu ya chini ya donge inalainika, inayeyuka, wanaanza kudondoka majini, mmoja, wawili, kisha kundi. Ukikaa chini ya tawi siku hiyo utasikia vitone vinadondoka na ukiangalia maji utaona vimkia. Ndiyo maana donge likipotea juu ya maji utakuta chini ya hapo hapo lambo limejaa viluwiluwi.

Kwa nini ajisumbue hivyo badala ya kuacha mayai majini kama wengine? Kwa sababu majini ndiko kwenye walaji, wadudu wa majini, samaki kama wapo, hata viluwiluwi wa vyura wengine wanakula mayai. Na madimbwi yetu haya ni ya muda, kila siku ina thamani, kwa hiyo mtoto akiingia majini akiwa tayari anajua kuogelea amewatangulia wengi. Kule juu nako siyo salama asilimia mia, povu likikosa unyevu linakauka mpaka ndani, na kama dimbwi limekauka kabla ya wakati viluwiluwi wanadondokea tope na huo ndio mwisho wao.

Hapo sasa naomba nimjibu mama mkwe kwa heshima zote, na umpe shikamoo yangu. Nyoka hatoi povu la namna ile, hakuna nyoka wa hivyo. Lakini sidhani kama ametunga tu, nadhani ana alichokiona: nyoka wa mitini wanawapenda sana hawa vyura, msimu wa povu vyura wamejaa kwenye matawi na nyoka wanawafuata. Wengi ni wale vijani wembamba wasio na madhara, ila yupo nyoka wa mitini mwenye macho makubwa na kichwa kifupi ambaye ni mpole lakini sumu yake ni kali sana. Kwa hiyo katazo la kuwazuia watoto wasipande kwenye ile miti ya lambo liendelee, sababu yake tu ndiyo tofauti.

Na shemeji: salfa ya korosho mnapuliza lini? Mwezi wa sita, wa saba, wa nane, mikorosho ikichanua, kuzuia ubwiriubwiri. Ni vumbi la njano. Mpaka mwezi wa kwanza mvua zimeshapiga miti mara ngapi, na hata ikibaki vumbi haiwezi kuumuka kuwa donge lenye gamba na mayai ndani. Kuna povu lingine dogo dogo la kudondosha maji ambalo watu wanalichanganya na hili, lile la wadudu wanaonyonya utomvu wa miti, ila lile ni jepesi kama mate, linakuwa popote hata kwenye mti ulio mbali na maji, na ukilifuta unakuta kidudu, siyo yai.

Umeuliza kama wapo ng'ambo ya Ruvuma. Wapo tele. Mto kwake siyo mpaka. Ukianzia pwani ya Kenya, ukashuka Tanzania, ukapita Msumbiji, Malawi, Zambia, Zimbabwe, ukaenda mpaka Botswana, kaskazini mwa Namibia na kusini mwa Angola, kisha Eswatini na kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini mpaka KwaZulu-Natal, huko kote yupo. Kimataifa anahesabiwa kwenye kundi la wasio hatarini. Kwa nchi kavu zaidi za Kenya na kaskazini mwa Tanzania kuna ndugu yake mwingine, Chiromantis petersii, anayefanana naye, na misitu minene ya Afrika ya Kati na Magharibi ina wa tatu, Chiromantis rufescens. Jamii yao kubwa iko Asia, huku Afrika ni hawa wachache tu, na sisi watu wa kusini tuna bahati ya kuwa nao mlangoni, mimi nasema hivyo bila aibu.

Kwa mikoa yetu miwili, Lindi na Mtwara, anachotaka ni vitu viwili, miti na maji yaliyosimama chini yake. Miombo, vichaka, mashamba ya mikorosho na maembe, anakaa popote pale ilimradi mvua zikija apate dimbwi. Kwa hiyo mtafute mabondeni kando ya Lukuledi na Mbwemkuru, kwenye mapande ya maji yanayobaki bonde la Ruvuma, kingo za ziwa Chidya au ziwa Rutamba upande wa Lindi, kwenye malambo ya mbuzi, mashimo ya kokoto na ya matofali yaliyojaa mvua, hata mitaro ya mashamba ya mpunga kama kuna mti umeinamia. Uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, udongo unakunywa maji yote yanazama, madimbwi ni machache, kule utamkuta kwenye malambo na hata juu ya matanki ya maji ya mvua yasiyofunikwa. Kwenye mikoko na maji ya chumvi hazai, kiluwiluwi chake hakiwezi chumvi, kwa hiyo mtu wa Mikindani akitaka kuona povu aachane na ufuko, apande juu kidogo kwenye visima na madimbwi ya mashambani. Na msimu ni huu huu wenu, kusini tuna mvua moja ndefu kuanzia mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili mpaka wa nne, povu jingi linaonekana mvua kubwa za mwanzo zikishajaza madimbwi.

Sasa mtoto. Mimi ni mtu wa vyura siyo daktari, lakini kila anayefanya kazi madimbwini lazima ajue ninachokwambia hapa. Umeniandikia vitu viwili kwa mpigo, povu liliwamwagikia, kisha wakaoga lamboni. Macho ya wote yameenda kwenye povu kwa sababu ndilo geni. Mimi macho yangu yako kwenye lile kuoga. Povu lile halijulikani kuwa na sumu ya kumdhuru mtu, mimi mwenyewe nalishika kwa mikono mitupu, linanata, likikauka linabanduka kama gundi, hakuna zaidi. Lakini mtoto kuingia kwenye maji yaliyosimama, halafu ndani ya masaa kadhaa au siku ile ile akatokwa vipele vidogo vya kuwasha hasa sehemu zilizozama majini, hiyo ndiyo sura ya vijidudu vya kichocho vinapopenya ngozi. Vijidudu hivyo havitoki kwa chura. Vinatoka kwa konokono wadogo wa majini, na konokono wanaambukizwa na mkojo wa mtu mwenye kichocho anayekojolea pale pale. Na usidhani lambo likikauka ndiyo limesafika, wale konokono baadhi wanajificha kwenye tope kavu wanasubiri mvua, kama vyura tu.

Siwezi nikiwa huku nikasema kwa hakika mtoto ana kichocho, inaweza ikawa ni viwavi, ni upupu, ni mdudu mwingine. Ndiyo maana nakuomba umpeleke zahanati, aonwe na mtu aliye mbele yake. Mweleze mhudumu waziwazi kwamba mtoto anaoga kwenye lambo, hilo neno likikosekana anaweza kupewa dawa ya kupaka tu mkarudi nyumbani. Na kuna kitu cha kuelewa kuhusu kipimo: minyoo iliyoingia juzi inahitaji wiki kadhaa ikue ndipo mayai yaonekane kwenye mkojo, kwa hiyo kipimo cha leo kikisema hana, hicho kinajibu habari ya kuoga kwa zamani, siyo kwa juzi, muulize mhudumu arudi lini kupimwa tena, mara nyingi ni baada ya miezi miwili hivi. Dawa ni praziquantel, dozi inaenda kwa uzito au kimo, na inaua minyoo iliyokomaa zaidi kuliko michanga, kwa hiyo msinunue dukani mkampa kwa kukisia. Wale wenzake walioogelea naye nao wapelekwe, ongea na mama zao.

Dalili za kutosubiri: mtoto akipata homa kali wiki za mbele, au mkojo ukatoka na damu, hasa matone ya mwisho. Kuna vijiji watu wanachukulia mvulana kukojoa damu ni kukua, siyo kukua, ni ugonjwa, na kwa wasichana kichocho kinajeruhi mpaka njia ya uzazi. Na kama usiku wowote uso unavimba au anahema kwa shida, hiyo siyo ya kusubiri asubuhi, ni hospitali muda huo huo. Kwa sasa hivi mzuie asijikune mpaka kuchubuka, maji safi ya baridi na kukata kucha vinasaidia.

Maji yenyewe ya lambo. Povu na viluwiluwi havijayageuza kuwa sumu, mbuzi waendelee kunywa. Ila yalikuwa siyo ya kunywa mabichi tangu zamani, povu lisipokuwepo na likiwepo, maana mbuzi wanaingia, watoto wanakojoa, kila kitu kinatiririkia pale. Ya kupikia chemsheni. Ya kufulia na kuogea, kama mna mapipa, yachoteni myaache yametulia siku mbili kamili yakiwa yamefunikwa na bila konokono ndani, vijidudu vya kichocho vikikosa mtu wa kumuingia muda huo vinakufa. Kufua mkiwa mmesimama majini magoti yamezama, hasa saa nne mpaka saa nane mchana, hiyo acheni kabisa, huo ndio muda vinatoka kwa wingi kwenye konokono.

Tumalizie na panga la shemeji. Kukata matawi yote hakutamwondoa chura, atahamia kwenye matete au ukingo wa lambo, mtabaki mmepoteza kivuli na maji yatakauka mapema zaidi. Oili chafu ndiyo mbaya kuliko vyote, itaua viluwiluwi, itaua na wadudu wanaokula viluwiluwi wa mbu, na mbuzi wenu watakunywa mafuta yenye madini ya injini. Sitakudanganya kwamba hawa vyura watawamalizia mbu, hawafanyi hivyo, wakubwa wanakula wadudu wa usiku wanaopita karibu nao na viluwiluwi wanakula zaidi mwani, faida yao ni ya kawaida tu ya kiumbe aliye mahali pake. Kwa hiyo ushauri wangu ni kuyaacha madonge yalipo, wiki moja tu kila moja linakuwa limemaliza kazi.

Kama kuna donge liko juu ya tanki au kisima mnachonywa, hapo nakuelewa, lihamisheni. Fanyeni jioni au asubuhi na mapema, mkate kijitawi chenyewe bila kubandua povu, mkakifunge juu ya lambo kwenye kivuli, kimo kisizidi mita moja na nusu hivi kutoka majini, na liangalie upande ule ule liliokuwa linaangalia, chini ibaki chini. Siyo yote yatapona, yale yaliyokwishalainika chini huwa yanapasuka njiani, hayo yachukueni na ndoo ya maji ya lambo chini yake, viluwiluwi wadondokee humo kisha mkawamimine. Kisha funikeni tanki kwa wavu au bati, vinginevyo mvua ijayo atarudi.

Huyo wa jikoni akikukera usiku msukume taratibu kwa kipande cha karatasi ngumu mpaka kwenye mti wa karibu, kumtupa mbali hakusaidii. Na zile picha za mkono na jicho ukizipata, ziweke kwenye iNaturalist, ule mtandao wa kuweka picha za viumbe ili watambuliwe, kwa simu ya mwanao mkubwa au mwalimu wa shule, andika Ruangwa na tarehe, au zipeleke kwa watu wa zoolojia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Za upande wetu wa kusini ni chache ukilinganisha na za kaskazini, nami ningependa sana kumuona. Zahanati kwanza lakini.